Wallace sawa, lakini Ali je?

Kila akitajwa Alfred Russel Wallace, yule Mwingereza mtafiti wa wanyama, mjadala unaishia palepale, Darwin alimuibia wazo la uteuzi asilia (kwamba viumbe wanaofaa zaidi mazingira yao ndio wanaosalia na kuzaa, na hivyo aina hubadilika) au hakumuibia, maana insha aliyoituma toka Ternate, kisiwa cha Indonesia ya leo, ilisomwa London pamoja na maandishi ya Darwin tarehe 1 Julai 1858, na mwenyewe hakuwahi kulalamika mpaka anakufa 1913. Hilo mimi naliacha, limeshachambuliwa sana. Kinachoniuma ni mtu mwingine ambaye hata hatumtaji, Ali, kijana wa Kimalay aliyechukuliwa Sarawak, kisiwani Borneo, akiwa na miaka kama 15 hivi, mwanzoni kazi yake ilikuwa kupika tu na kutumwa.

Hebu angalia hesabu. Wallace alikaa visiwa vile vya Kimalay, kuanzia Singapore na Borneo mpaka New Guinea, miaka 8, 1854 mpaka 1862, akatoka na vielelezo 125,660, yaani viumbe waliohifadhiwa kwa uchunguzi na kuuzwa. Gawanya kwa siku, ni kama 43 kila siku, yaani ukihesabu na siku za mvua, siku za kuwa baharini na siku amelala na homa. Wengi ni mbawakawa, 83,200, na hao kweli alikuwa anawaokota sana mwenyewe. Lakini ndege ni 8,050, na ndege lazima umfuate msituni umpige, umchune taratibu ngozi isichanike, uipake sumu ya arseniki, uikaushe mahali sisimizi hawafiki, kosea kidogo tu London hawanunui. Kazi hiyo Ali alijifunza akawa fundi, na ndiye aliyekuwa anaingia porini siku ambazo mkubwa wake hata kusimama hawezi.

Kisiwa cha Bacan, 1858, Ali anarudi jioni, ndege wananing'inia kiunoni, anamnyooshea mmoja anamwambia tazama huyu ndege wa ajabu. Kifua kijani kinang'aa, kila bega lina manyoya mawili meupe marefu yamesimama, na Ali ndiye anayemweleza kwamba yanasimama hivyo ndege akiwa anapigapiga mabawa, maana yeye alimwona akiwa hai. Alikuwa ndege wa peponi ambaye wanasayansi walikuwa hawajamjua. Wallace anasimulia haya kwenye kitabu chake cha 1869, halafu anaandika kwamba *yeye* amepata zawadi kubwa. Jina likawa Semioptera wallacii.

Sasa wanaomtetea wana hoja, tena nzito. Wallace hakuwa mtoto wa tajiri, shule aliacha na miaka 14 na hizo ngozi ndizo zilimlisha. Ali alilipwa, na walipoagana Singapore 1862 alipewa pesa na bunduki mbili za mitutu miwili, akapigwa picha, na picha ile Wallace aliichapisha 1905. Tena kisa cha Bacan tunakijua kwa sababu kakiandika yeye, wangapi wa zama zile waliandika hata jina la msaidizi? Na wazo la uteuzi asilia ni la kichwa chake, hapo hakuna ubishi.

Nakubali yote hayo. Ila mwaka 1907 Mmarekani Thomas Barbour alikutana Ternate na mzee aliyejitambulisha kuwa ni Ali Wallace. Wengine wanasoma hapo kuwa hakuwa na kinyongo, na labda ni kweli, mimi nasoma kwamba miaka 45 baadaye bado ile kazi aliihesabu ni yake. Basi kwenye makumbusho ya Uingereza, kwenye ngozi ambazo tunajua kazileta yeye, kibandiko kiandikwe aliyempata ni Ali.