Mama Mkwe Anauliza Choo

Kuna mambo mwanamume haongei na mama mkwe. Mimi ukweni hata mboga naona haya kuongezwa. Nasema nimeshiba huku tumbo linanguruma. Sasa niambieni, nimefikaje hapa: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimechuchumaa uani kwangu Mwanga, Kigoma, kijiti mkononi, simu sikioni, namsimulia mzazi wa mke wangu jinsi mavi yalivyokaa?

Chanzo ni kuku. Mama mkwe alitutumia mtetea kutoka Urambo, akapandishwa treni ndani ya tenga na shemeji yangu mdogo. Kuku wa kienyeji, mweusi mwenye madoa, akashuka stesheni ana afya kuliko aliyemleta. Nikajua ni kitoweo, nikaanza hata kuulizia bei ya mchele. Mke wangu akanitazama jicho ambalo sitalieleza hapa.

"Huyo wa mbegu, baba watoto. Mama kasema atamfuatilia."

Na anamfuatilia kweli. Simu inaita kabla sijapiga mswaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kuku hajambo?"

Mimi nakohoa wiki ya pili, sijaulizwa.

"Hajambo, mama."

"Choo chake?"

Siku ya kwanza nilijibu "kizuri, mama," kama mtu aliyeandaliwa pilau. Akasema kizuri si jibu. Kimeshikana au maji? Juu kina weupe? Kumbe kuku hana haja ndogo ya peke yake, mkojo wake unatoka humohumo, ndio ule weupe unaokaa juu. Kikishikana, kahawia chini, kofia nyeupe juu, kuku mzima. Kikiwa cheupe chote, majimaji, kinagandia manyoya ya nyuma, hasa kwa vifaranga, hapo kuna ugonjwa. Yote haya aliyasema kwa utulivu wa mtu anayeelekeza kupika maharage. Simu yake ni ya kitochi, haipokei picha, na sikio la simu limekufa, kwa hiyo anaongelea spika. Nyuma namsikia baba mkwe anakohoa. Nadhani naye anasikiliza.

Shida sasa ni msamiati. "Mavi" siwezi, bora nife. "Kinyesi" nilikijaribu, nikajisikia bwana afya. Nikasema "ile kitu yake."

"Ipi?"

"Ile... ya nyuma, mama."

"Ya jana?"

Tukaishia kwenye choo. Mke wangu akinisikia nasema "mama, leo nimekiona choo, kimependeza," anaingia ndani, anafunga mlango, namsikia anachekea kwenye mto.

Wiki ya pili nikakuta kitu. Ashakum si matusi: laini, kahawia ya kuelekea weusi, kinanata kama asali ya chini ya ndoo, na harufu yake ilinifuata mpaka kwenye chai. Nikapiga mwenyewe, kwa salio langu, na kwa kiherehere nikaitaja ile asali. Urambo kukawa kimya. Mkoa wa Tabora asali ni heshima, huifananishi ovyo. Baadaye akasema hicho nacho ni cha kawaida, kuna vifuko viwili pembeni mwa utumbo wa kuku, vinamwaga uchafu wake mara mbili tatu kwa siku katikati ya vile vingine. Harufu ndiyo yake. "Na asali, baba, iache."

Ikaja siku ya wekundu. Damu kwenye choo hata mimi naijua, ni kuhara damu, na vifaranga inawafagia. Sikumuuliza mtu. Nikatimua mbio duka la pembejeo, nikarudi na pakiti ya shilingi elfu nne. Jioni namwona mtetea anatokea kwa jirani anayekamua mawese, mdomo na kifua vyote rangi ya machungwa kama kapakwa kwa brashi. Alikuwa ameshinda kwenye makapi ya mawese! Pakiti ipo kabatini mpaka leo, pembeni ya sukari, na mke wangu hapendi.

"Kwani kuku mwenyewe alikuwaje?" mama akauliza. "Anakula? Kilemba chekundu? Mabawa ameyashusha?"

Sikuwa na jibu. Kuku mwenyewe sikuwa nimemtazama. Kwa kweli huyu kuku namjua kwa nyuma tu. Tukikutana uso kwa uso barabarani naweza kumpita.

Juzi akapotea siku nzima. Kesho yake akatokea nyuma ya gunia la mkaa, kajitutumua manyoya, ananung'unika kama mwenye nyumba tarehe mosi, akaangusha donge moja saizi ya ngumi ya mtoto, lina ukijani, na mwasho wa puani sijapata kuuona. Kijani! Nikajua kideri kimeingia, kesho shingo inapinda, na kideri hakina tiba.

Mama alicheka hadi baba mkwe akacheka. Anaatamia huyo. Anabana kutwa nzima asichafue mayai, akishuka ndio anamwaga yote kwa mkupuo. Na hali vizuri, ndiyo maana ya ule ukijani.

Nikapumua.

"Ila chanjo ya kideri ulimpa? Ile ya tone la jichoni? Miezi mitatu tangu ile ya mwisho imeshapita."

"Haloo? Mama? Haloo? Mtandao..."

"Nakusikia vizuri, baba."

Kakata tiketi. Anakuja kujionea mwenyewe, na ameagiza uani kusifagiwe mpaka afike. Jana jioni wingu lilitanda juu ya ziwa, nikatoka mbio na beseni la kufulia nikafunika vile vitatu vya mlangoni, ndivyo vyenye kofia.