Nani Aliyewapa Kazi ya Kutoa Majina?

Mtoto akizaliwa, ukoo mzima unakaa kitako. Shangazi analeta jina la marehemu bibi, baba mdogo analipinga, mpaka linapatikana jina ambalo mwalimu ataliita darasani bila kuuliza mara mbili. Sasa tazama wenzetu wanaojenga mitandao ya kijamii isiyo na mwenyewe, ile ambayo hakuna tajiri anayeweza kuamka asubuhi akainunua yote. Kazi wanaijua, tena sana. Likija suala la jina, linaamuliwa kwa utani wa watu wanne waliokosa usingizi, halafu kesho yake wanauliza mbona umma hauji.

Haya, tuanze na kubwa lao, Mastodon. Eugen Rochko aliizindua mwaka 2016, na jina akalichukua kwa bendi ya roki nzito aliyokuwa akiisikiliza. Jina lenyewe ni la jamaa wa tembo aliyetoweka duniani maelfu ya miaka iliyopita. Yaani unamshawishi mtu kwamba huu ndio mtandao wa kesho, na umeubatiza kwa mnyama ambaye ukimtaka unamkuta makumbusho, mifupa mitupu.

Hilo tungelimeza. Lakini kitufe cha kutuma ujumbe kiliandikwa "toot", eti mlio wa tembo. Kwa Kiingereza cha mitaani neno hilohilo ni kujamba. Kuanzia siku za mwanzo mpaka toleo la 4.0 lilipotoka mwishoni mwa 2022, mtu mzima, wakili, daktari, mhadhiri, alikuwa akiandika aya ya busara kuhusu katiba halafu anabonyeza hapo. Mwaka huohuo, watu wakimiminika kutoka Twitter, kitufe kikaandikwa neno la kawaida tu. Heri, ndiyo. Ila wageni wengi walikwisha kukiona.

Na msidhani ugonjwa ulianzia hapo. Mwaka 2010 vijana wanne wa Chuo Kikuu cha New York walichangisha zaidi ya dola 200,000 kupitia Kickstarter, tovuti ya michango, wakati walichoomba ni 10,000. Fedha zipo, magazeti yanawaandika, dunia nzima imechoka na Facebook. Wakauita mtandao wao diaspora*, pamoja na hiyo nyota mwishoni. Msomaji yeyote akiona nyota anashuka chini ya ukurasa kutafuta tanbihi: "masharti kuzingatiwa". Hakuna tanbihi. Nyota ni sehemu ya jina. Na seva zao, yaani kompyuta zinazotunza akaunti za watu, haziitwi seva, zinaitwa "podi".

Upo na Scuttlebutt, jina la pipa la maji ya kunywa melini ambako mabaharia walikuwa wakikutana kusengenya. Maana yake tamu kweli, lakini ukilitaja mbele ya Mwingereza, kabla hujafika kwenye pipa yeye amekwisha kusikia "butt", yaani makalio. Upo na Nostr, kifupi cha maneno yenye maana ya "maandishi na vitu vingine vinavyopelekwa na vituo". Vitu vingine! Hata mwenye duka hakumaliza kuhesabu bidhaa zake.

Wengine jina halikai hata wakizoewa. Friendica ilianza ikiitwa Mistpark, ikawa Friendika kwa k, ndipo ikawa hiyo ya sasa kwa c. Laconica ikawa StatusNet, kisha ikaingia katika GNU social. Calckey ikageuka Firefish mwaka 2023. Umemfundisha mtu jina, amelishika, amemwambia na mwenzake, unarudi unamkuta anatafuta kitu ambacho hakipo tena kwa jina hilo.

Wajuzi hapo wananijibu: mbona Google halina maana, na watu bilioni wanalitumia? Kweli kabisa. Jina la ajabu halijawahi kuua kitu. Kinachoua ni majina sita kwa kitu kimoja. Mwambie mgeni aje Mastodon, atakuuliza ni wapi. Unamwambia Mastodon ni programu, si mahali; mahali ni seva, na kila seva ina jina lake; seva zinazungumza kwa itifaki, yaani lugha ya kompyuta kuelewana, iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2018; jumla yao yote inaitwa Fediverse; humo ndani wamo pia Pixelfed wa picha, PeerTube wa video na Lemmy wa mijadala; na kwenye simu unaweza kutumia programu nyingine kabisa yenye jina lake. Mgeni alitaka kuona picha za binamu yake tu.

Angalieni Threads ya Meta. Jina la kawaida, limepoa, wala halina utamu wowote. Julai 2023 ilipata watu milioni 100 kwa siku tano. Uchawi gani? Mwenye akaunti ya Instagram alibonyeza kitufe akawa ndani, na jina lake lilelile. Hakuulizwa seva, hakuulizwa falsafa.

Mastodon, kwa miaka mingi, swali la kwanza lilikuwa: chagua seva. Kabla hujaona chapisho hata moja, unapewa orodha ya majina usiyoyajua: hii ya wasanii, hii ya wanasayansi, hii ya wapenda paka, hii haisemi ni ya nani. Mwaka 2023 programu yao rasmi ya simu ikaanza kukupendekezea mastodon.social moja kwa moja, na wazee wa kazi wakanung'unika kwamba sasa kila mtu atarundikana sehemu moja. Wana hoja. Lakini aliyesimama mlangoni akiulizwa mtihani huwa anarudi kwao, na huyo naye ana hoja.

Sasa tuje kwenye anwani, maana hapa ndipo jina la mtandao linapogeuka kuwa jina lako wewe. Anwani kamili ni @asha@mfano.social. Alama ya @ mbili. Ya kwanza inasema hili ni jina la mtu, ya pili inasema seva anayokaa. Ukimpa mtu "asha" peke yake umempa nusu ya anwani, kwa sababu kila seva inaweza kuwa na Asha wake. Atatafuta kwenye seva yake, atamkuta Asha mwingine anayeuza vitabu, atamfuata huyo, na wewe utasema amekudharau.

Ukimfungua Asha kwenye kivinjari ukabonyeza "fuata", ukurasa unakuuliza akaunti yako iko wapi, kwa sababu uko mlangoni kwa Asha na seva yake haikujui. Dawa: nakili anwani yake kamili, rudi kwenye seva yako, bandika kwenye kisanduku cha kutafutia, subiri sekunde chache, mfuate kutoka hapo. Ukifanikiwa utakuta ukurasa wake mweupe au una machapisho mawili matatu, ingawa ameandika miaka. Hajafuta kitu. Seva yako huhifadhi yale yaliyoifikia tu, na kama hakuna jirani yako wa seva aliyekuwa akimfuata, ya zamani hayakuletwa. Idadi ya wafuasi nayo inaweza kuonekana tofauti kwako na kwake. Mgeni akiona hivyo anaamua mtandao umekufa, anafunga, na kusema kweli simlaumu.

Jina la mtumiaji chagua vizuri, maana kwenye Mastodon halibadiliki. Jina la kuonyesha, lile linalokaa juu kwa herufi nene, badilisha hata kila asubuhi. Lile la baada ya @ ukishajiita "mtoto_wa_sokwe" kwa kicheko cha usiku mmoja, ndilo hilo mpaka utakapohama.

Na jina la seva lina balaa lake. Mwenye seva naye hawezi kubadilisha jina lake akishaanza, kwa sababu akaunti zote zimefungwa kwenye jina hilo. Watu wakapenda majina yanayoishia kwa herufi tamu tamu bila kukumbuka kwamba herufi zile mbili ni za nchi yenye serikali yake. Mwaka 2023 Mali ilirudisha mikononi mwake usimamizi wa .ml, zilizokuwa zikigawiwa bure, na seva ya Lemmy iliyokuwa fmhy.ml ikapoteza jina. Februari 2024 queer.af nayo ikazimwa na mamlaka ya Afghanistan, inayoongozwa na Taliban, ambayo ndiyo yenye .af. Mtu alichagua jina kwa mzaha wa Kiingereza, jibu likatoka Kabul.

Kuhama kunawezekana, lakini kwa utaratibu. Fungua akaunti mpya kwenye seva mpya. Ukiwa huko, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya kuhama kutoka akaunti nyingine, andika anwani ya zamani. Kisha rudi kwenye akaunti ya zamani, sehemu ya kuhamia akaunti nyingine, andika anwani mpya na nenosiri. Wafuasi watahamishwa wenyewe. Orodha ya unaowafuata na uliowazuia unaipakua kama faili la CSV, jedwali la kawaida, na kuipakia upya. Machapisho hayahami, yanabaki kulekule. Halafu kuna siku 30 za kusubiri kabla ya kuhama tena, kwa hiyo usihame kwa hasira. Sharti kubwa ni kwamba seva ya zamani iwe hai, kwa sababu ndiyo inayotangaza kwa wengine kwamba umehama. Ikizimwa ghafla, wafuasi wako hawaambiwi kitu.

Bluesky wamejitahidi, lazima niseme. Jina lina anga, lina rangi, mtoto wa miaka mitano analitamka. Tangu Februari 2024 mtu anaingia bila mwaliko, na anapewa jina linaloishia .bsky.social bila mtihani wa seva. Kisha watumiaji wakaharibu wenyewe: chapisho wakaliita "skeet", neno lenye maana isiyosemeka mbele ya wakwe. Jay Graber, mkuu wa kampuni wakati huo, aliwasihi hadharani waache. Wakazidisha.

Kwa mwenye tovuti yake, Bluesky ina jambo la maana: unaweza kutumia jina la tovuti kama jina lako la mtumiaji. Nenda kwenye mipangilio, akaunti, sehemu ya kubadilisha jina, chagua kwamba una jina la tovuti lako. Utapewa maandishi yanayoanza na did=did:plc: na herufi 24 mbele yake. Yapeleke kwa kampuni unakosajili jina la tovuti, fungua mipangilio ya jina hilo (DNS), ongeza rekodi ya aina ya TXT, jina lake liwe _atproto, thamani yake maandishi yale. Ikigoma, mara nyingi ni kwa sababu umeandika jina zima la tovuti baada ya _atproto wakati ukurasa wa mipangilio huliongeza wenyewe, kwa hiyo limeingia mara mbili. Ama huna subira, rekodi bado haijasambaa. Na ukisahau kulipia jina la tovuti likaisha muda, wafuasi hawaendi popote, ila jina lako litaonekana kuwa batili, mbele ya watu.

Kule Nostr hakuna seva ya kukupa jina wala nenosiri la kuomba upya. Wewe ni ufunguo, mfuatano mrefu wa kumpa kila mtu, unaoanza na npub1, herufi 63 kwa jumla, na wa siri, wa kuingilia, unaoanza na nsec1. Ukiupoteza wa siri hakuna ofisi ya kulalamikia. Ukiubandika kwa bahati mbaya mahali pa npub, umempa kila mtu akaunti yako na huwezi kuibadilishia kufuli. Mpe mtu herufi 63 kwa mdomo halafu uniambie amefika ya ngapi.

Ndiyo maana nawaambia wanaotaka kumwingiza mtu: usimtajie Fediverse, usimtajie itifaki, usimpe uhuru wa kuchagua seva ambao hakuuomba. Mchagulie wewe seva iliyokaa miaka kadhaa, yenye kanuni zilizoandikwa na msimamizi zaidi ya mmoja. Mtumie kiungo cha kujisajili cha seva hiyo hasa, si cha ukurasa wa mradi. Siku hiyohiyo mtumie anwani kamili za watu watano anaowajua, @ zote mbili, umwonyeshe pa kuzibandika. Akiuliza kitu hiki kinaitwaje, taja jina la seva tu. Yale mengine matano atayakuta mwenyewe siku atakayokuwa amezoea, na nina hakika wakati huo mojawapo litakuwa limekwisha kubadilishwa.