Mlinzi ni wa mzabuni, lakini lango ni lako

Kuna kauli naisikia sana hapa Mbeya, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, na kila nikiisikia inanikera: "Bosi wetu ana utu, anatuwekea NSSF." Anaitoa dada wa usafi, anaitoa mlinzi, anaitoa hata fundi mwenye cheti chake. Yaani mtu anamshukuru mwajiri kwa kutimiza sheria ya kumchangia NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kama vile kapewa zawadi ya sikukuu. Na ukishazoea kuona mchango wa hifadhi ya jamii kuwa ni hisani, siku usipowekwa huna pa kudai, maana hisani haidaiwi.

Sheria ya NSSF ya mwaka 1997 haizungumzii hisani. Inataka asilimia 20 ya mshahara wa mfanyakazi iende kwenye mfuko kila mwezi, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Tuchukue mshahara wa shilingi 200,000 kwa wepesi wa hesabu. Mfanyakazi anakatwa 20,000, mwajiri anaongeza 20,000, zinakwenda 40,000. Ile 20,000 ya kwanza imetoka jasho la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri ameishika tu kwa safari fupi ya kuifikisha inakotakiwa. Akiikata halafu asiifikishe, amekula mshahara wa mtu, na sioni kwa nini tulizunguke neno hilo.

Mimi nimeajiriwa serikalini. Michango yangu inakwenda PSSSF, mfuko ulioanza Agosti 2018 baada ya mifuko ya watumishi wa umma kuunganishwa. Nachangia asilimia 5, mwajiri wangu 15, na sijawahi kulala nikiwaza kama imefika. Kila asubuhi naingia kazini kwa kupita kwenye lango linalolindwa na baba mmoja ambaye ameajiriwa na kampuni iliyoshinda zabuni. Tunafanya kazi ndani ya uzio mmoja, tunanyeshewa na mvua ileile. Siku moja alinionyesha slipu yake ya mshahara, karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nne: mshahara, posho ya usiku, kisha mstari wa makato ulioandikwa NSSF. Makato yapo kila mwezi. Halafu akafungua simu, tukatazama taarifa ya michango yake. Februari ipo. Machi ipo. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba hakuna kitu. Novemba imeingia mwezi mmoja, kisha patupu tena.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nilidhani mtandao ndio unasumbua."

Sikumlaumu. Mtu aliyekatwa kwenye karatasi ana haki ya kuamini kwamba kilichokatwa kimekwenda.

Tujiulize, hela inaishia wapi? Kampuni yenye walinzi 60 wa mshahara ule wa 200,000 inatakiwa kuwasilisha shilingi 2,400,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni 28,800,000. Mfanyabiashara aliyebanwa akiziona hizo, ni mtaji usio na riba na usiohitaji dhamana ya nyumba. Atanunua sare, atalipia mafuta ya pikipiki ya msimamizi, atalipa deni la benki, akijiambia ataziba baadaye. Sheria imeweka adhabu kwa anayechelewesha, nayo huongezeka kadiri miezi inavyopita, ila adhabu hiyo inamuuma yule anayepatikana. Tunazijua kampuni ambazo mkataba ukiisha jina linabadilika, ofisi inahama mtaa, namba ya simu haipokelewi, na mwezi unaofuata unakutana na msimamizi yuleyule na buti zilezile, nembo tu begani ndiyo mpya. Malimbikizo ya kampuni ya kwanza nani anayafuatilia?

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kampuni inahama, taasisi haihami. Chuo kipo, hospitali ipo, benki ipo, kiwanda kipo. Aliyetangaza zabuni, akachagua mzabuni, akasaini mkataba na kupokea huduma kila siku, naye abebe wajibu wa kuhakikisha michango ya wale watu imefika. Asijifiche nyuma ya maneno "hao si wafanyakazi wetu."

Maana yeye ndiye mwenye bei. Tufanye hesabu ya lindo moja la saa 24, walinzi wawili, mmoja mchana na mmoja usiku. Mishahara ni 400,000. Mchango wa mwajiri NSSF ni 40,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni nusu asilimia, yaani 2,000. Tayari ni 442,000, na bado hujaweka mtu wa kumpumzisha mlinzi siku yake ya mapumziko, likizo, sare, tochi, koti la baridi (na baridi ya Mbeya ya Juni na Julai mnaijua), tozo ya ufundi stadi, wala faida ya kampuni. Sasa kamati ya zabuni ikipitisha mzabuni aliyeandika 430,000 kwa lindo hilo kwa sababu ndiye wa bei ya chini, wajumbe walitegemea michango itoke wapi? Pale mezani imeshaamuliwa kwamba haitalipwa, hata kama hakuna aliyetamka. Mimi naona kamati hiyo imeshiriki.

Na kuna jambo jingine ambalo lazima lisemwe kwa haki ya wazabuni, maana si wote wezi. Taasisi nyingi zinachelewesha malipo. Mzabuni anawasilisha ankara, inakaa mwezi, miezi miwili, minne, huku walinzi wanataka kula. Anakopa, analipa mishahara, na kinachoachwa ni kile ambacho hakipigi kelele mlangoni. Mtoto mwenye njaa analia, mwenye nyumba anagonga, lakini mchango wa uzeeni hauna sauti. Simtetei, kwa sababu akikata lazima apeleke, lakini taasisi inayochelewesha ankara halafu ikashangaa michango haijafika inajua fika ilivyochangia.

Tukitoka mjini, kisingizio kinabadilika kidogo. Rungwe na Mufindi kwenye mashamba makubwa ya chai, Mafinga kwenye mashine za kupasua mbao za miti ya Sao Hill, kwenye miradi ya barabara na majengo ambako vijana wetu wanasaidia fundi, utaambiwa: "Huyu ni kibarua tu." Neno "tu" hapo linabeba mzigo mkubwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Mchuma chai anayeingia shambani Jumatatu hadi Jumamosi kwa saa nane anazimaliza wiki ya kwanza haijaisha.

Na asiniambie mtu kwamba vibarua ni wagumu kuwafuatilia kwa kuwa leo wapo, kesho hawapo. Nenda kwenye mzani wa chai jioni. Kila kikapu kinapimwa, karani anaandika jina na kilo, hakosei hata nusu. Mwisho wa mwezi daftari hilohilo linatumika kulipa. Daftari linaloweza kukumbuka kilo za mtu za tarehe tatu linaweza pia kukokotoa asilimia 20 ya alichopata. Kazi ya kupima mchango ni ndogo kuliko kazi ya kupima majani.

Ujanja mwingine ni mikataba ya miezi mitatumitatu. Inaisha, mtu anakaa nyumbani siku chache, anarudi na mkataba mpya, na akipata mwajiri mpya, huyo naye anamwandikisha upya NSSF kana kwamba ameanza kazi jana. Nimekutana na dada wa usafi mwenye namba mbili za uanachama, kila moja na vipande vyake vya miezi. Kila mtu anatakiwa kuwa na namba moja, na michango ya waajiri wote ikusanyike humo. Wenye namba zaidi ya moja, nendeni ofisi ya NSSF na kitambulisho cha NIDA mkaombe ziunganishwe, na fanyeni hivyo mkiwa bado mna nguvu ya kupanda daladala.

Vipande hivyo vina gharama. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Fao la kukosa ajira linataka uwe umechangia si chini ya miezi 18. Mtu aliyefanya kazi miaka mitatu bila kupumzika, michango yake ikaonekana miezi 11, siku kazi inapokatika anaambiwa hajafikisha. Amefikisha! Aliyepungukiwa ni yule aliyekuwa anamkata. Akina mama wa usafi wanalikosa fao la uzazi kwa mtindo huohuo, na wajane wanakwenda dirishani na hati ya mirathi mkononi wakakuta marehemu "hakuwa hai kwenye mfumo" miezi mingi kabla hajafa.

Waajiri wana jibu moja ambalo sipendi kulipuuza: wafanyakazi wenyewe hawataki kukatwa. Ni kweli, wapo. Nimewasikia kwenye mashine za mbao wakisema heri hela mkononi. Wana sababu zao. Mshahara mdogo ukipunguzwa asilimia 10 unaonekana, na wengi bado wana uchungu tangu mabadiliko ya 2018 yalipoondoa fao la kujitoa, lile la kuchukua chako chote ukiacha kazi. Mtu wa mkataba wa miezi mitatu ukimwambia habari ya miaka 15 anakutazama tu. Lakini sheria haikuacha jambo hili kwenye hiari ya mfanyakazi, na kuna sababu nzuri: ingekuwa hiari, kila mwajiri angepata wafanyakazi "wasiotaka." Tena anayesema watu hawataki NSSF mara nyingi ndiye huyohuyo ambaye hajachangia WCF, mfuko ambao mfanyakazi hakatwi hata senti. Msumeno wa kupasua mbao hauulizi kama umeajiriwa kwa mwezi au kwa siku. Huko nako watu hawakutaka?

Tukirudi kwenye taasisi zenye kazi, ninachotaka kifanyike hakihitaji sheria mpya ya Bunge. Taasisi nyingi wakati wa zabuni zinaomba cheti cha kusajiliwa NSSF, zinakiweka kwenye faili na basi. Cheti hicho kinaonyesha kampuni imesajiliwa, hakionyeshi kama mlinzi wa lango la nyuma amechangiwa mwezi uliopita. Kinachotakiwa ni orodha ya majina na namba za uanachama, pamoja na uthibitisho wa malipo ya mwezi uliotangulia, iambatanishwe kwenye kila ankara. Mhasibu aichukue, ailinganishe na daftari la mahudhurio la lindoni. Kama kuna walinzi 14 malangoni na majina 6 kwenye orodha, ankara isilipwe mpaka iletwe sahihi. Ni kazi ya nusu saa. Na pale ambapo mzabuni amekwama kwa sababu taasisi yenyewe imemchelewesha, ilipe sehemu ya michango moja kwa moja NSSF kwa namba ya malipo ya kampuni hiyo, kisha ilipe kinachobaki.

Wakaguzi wa NSSF nao ningependa waje malangoni. Makao makuu ya kampuni nyingi hizi yako Dar es Salaam, na huko kwenye mafaili kila kitu kimenyooka. Njoo saa kumi na mbili jioni wakati wa kubadilishana zamu, uliza majina.

Wafanyakazi nao, ndiyo, wafungue taarifa zao za michango kila mwezi, watunze slipu, na walio mashambani wawatafute viongozi wa TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani. Lakini sitaki tuwabebeshe wao jukumu hili. Baba yule wa langoni nilimuuliza kwa nini asiende kulalamika. Akaniambia mwenzake alikwenda, na mkataba ulipoisha hakuitwa tena. Mtu mwenye mkataba wa miezi mitatu hana ubavu wa kumshitaki anayeshika kalamu ya kuuongeza. Mwenye ubavu ni yule anayelipa ankara.

Mwaka mpya wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo zabuni nyingi za ulinzi na usafi katika halmashauri, vyuo na hospitali za mikoa yetu hii, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya na Songwe, zitaandaliwa upya. Wajumbe wa kamati hizo ni watu tunaowajua, tunasali nao, tunakutana nao Mwanjelwa sokoni. Naomba waweke sharti hilo la orodha ya majina kwenye rasimu ya mkataba, na bei yoyote isiyotosha mishahara, NSSF na WCF waiondoe kabla hata ya kuangalia nani yuko chini.