Behewa ambalo halijawahi kuwepo

Ilikuwa Jumamosi, ukumbi wa shule hapa Leicester, maonyesho ya treni ndogo, yale ya wazee wenye mvi na miwani miwili, mmoja machoni mwingine kichwani. Nilikuwa nyuma ya meza nasaidia kuendesha, mabehewa yangu matatu mekundu yanazunguka taratibu nyuma ya kichwa kidogo cha mvuke, najisikia raha tu. Mzee mmoja akainama mpaka pua ikakaribia kugusa reli, akayatazama yakipita mara ya kwanza, mara ya pili, akanyooka mgongo akaniambia kwa upole kabisa, "Unajua hayo mabehewa hayajawahi kuwepo?" Halafu akaenda zake kununua keki.

Mzee alikuwa sahihi, na hicho ndo kilichoniuma.

Kwa msiojua haya mambo ngoja nieleze kidogo. Kabla ya 1923 Uingereza ilikuwa na kampuni za reli kama 120 hivi, kubwa kwa ndogo, na tarehe 1 Januari mwaka huo zikaunganishwa kwa sheria zikawa nne tu. Huko nyuma kila kampuni yenye uwezo ilijichorea mabehewa yake kwenye karakana yake na kuyapaka rangi yake, Great Western chokoleti na krimu, London and North Western zambarau iliyokolea na nyeupe ya maziwa, Midland ndo ile nyekundu ambayo sisi tuna jina lake kabisa, damu ya mzee, sijaona jina la Kizungu linaloikamata vizuri hivyo. Na si rangi peke yake. Umbo la paa, upana wa milango, vile vibao vya urembo ubavuni, kila karakana na mkono wake, kama fundi cherehani, ukizoea unamjua kwa mshono.

Sasa mtengenezaji wa modeli afanye nini? Moldi ya kumimina plastiki ni hela ndefu, akichonga behewa la kampuni moja ndogo atauza kwa mashabiki wachache basi. Ndo maana kwa miongo mingi ukitaka mabehewa ya enzi ya Malkia Victoria, yale mafupi ya magurudumu manne au sita, ilibidi ununue vipande ujiunganishie mwenyewe nyumbani. Halafu 2019 Hattons, duka la modeli lililoanzia Liverpool, wakatangaza mabehewa ambayo si ya kampuni yoyote ila yanafanana na ya kila kampuni, na 2021 Hornby, kampuni kubwa ya modeli ya Uingereza, nao wakaja na ya kwao. Unachukua umbo moja la wastani, unalipaka rangi ya Midland, ya Great Western, ya nani sijui, tayari. Hattons wenyewe 2024 walitangaza kufunga biashara, lakini ubishi waliouanzisha, kama behewa la kubuni ni halali au la, haujafungwa mpaka leo.

Mimi nimeyanunua. Na nayatetea.

Lakini msidhani nilikimbilia mteremko. Nilianza na vipande kama kila mtu. Behewa la Midland, plastiki, nimekaa nalo jikoni majira yote ya baridi, msasa, gundi, brashi yenye nywele tatu, mke wangu anauliza lini tutakula mezani tena. Gundi ya plastiki haina huruma, inayeyusha chochote inachogusa, na mimi nilishika dirisha na kidole chenye gundi, basi alama ya kidole changu imebaki pale kwenye kioo cha chumba cha daraja la kwanza, kila msitari unaonekana, polisi wakija leo wananikamata. Paa lilipinda. Na ile michirizi ya njano kuzunguka kila kibao, jamani, behewa moja lina vibao kibao, kila kimoja kina kona nne, na mkono ukitetemeka mara moja unarudia upande mzima. Nilifanya upande mmoja. Ule wa pili mpaka leo hauna michirizi, kwa hiyo behewa langu linatazamwa upande mmoja tu, kama mwezi.

Kwa hiyo mtu anaponiambia eti hawa wa kununua tayari ni wavivu, nacheka.

Ila hoja yangu hasa si uvivu, ni hii hapa. Huyo mzee aliyeinama kwenye reli, aliangalia kila kitu isipokuwa reli yenyewe! Sisi watu wa OO, kipimo cha treni ndogo kinachotumika sana Uingereza, tunapunguza kila futi moja iwe milimita 4, sawa na moja kwa 76 na kitu. Reli ya kweli ya Uingereza ina upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu, kwa hesabu hiyo reli zetu zingetakiwa ziachane milimita 18.83. Zetu zimeachana 16.5. Yaani mabehewa yote tunayogombania kama yana kitasa sahihi yanatembea juu ya reli ambayo ukiikuza inakuwa futi 4 na inchi 1 na nusu, reli ambayo Uingereza nzima hukuipata kwenye njia zake kuu, na hakuna anayelia. Sababu yake inajulikana, vichwa vya Uingereza ni vyembamba kuliko vya Ulaya bara maana mahandaki na madaraja yao yalijengwa mapema yakawa madogo, na mota za miaka ya 1920 na 1930 hazikuenea ndani, basi wakakuza mwili wa treni wakaiacha reli kama ilivyo. Uongo wa kiufundi tukauzoea ukawa kawaida. Wapo wanaojenga kwa 18.83 kamili, nawavulia kofia, ila huyo mzee hakuwa mmoja wao maana nimeiona meza yake.

Kwa hiyo uongo tunaukubali, tunachagua tu upi.

Na mimi nina wangu nisioukubali. Behewa lililokatwa urefu silitaki ndani ya nyumba yangu. Behewa la Mark 1, lile British Railways, shirika la reli la serikali, walianza kulitoa 1951, lina mwili wa futi 63 na inchi 5, kwa hiyo dogo lake linatakiwa liwe karibu milimita 254. Mark 3, lililokuja baadaye, ni futi 75, dogo lake sentimita 30. Zamani watengenezaji walikuwa wanayafupisha ili yapite kwenye kona kali za reli ya watoto, na ukiliona lililofupishwa unajua kuna kitu hakipo hata kama hukijui, dirisha limeyeyuka hivi, kama picha ya pasipoti ya mtu aliyebanwa mashavu. Mark 1 halisi naipanda hapa hapa, Great Central, reli ya kumbukumbu inayotoka Loughborough mpaka Leicester North, nimekaa kwenye viti vile vinavyobonyea mara nyingi sana, urefu wake naujua kwa miguu.

Tatizo ni kwamba Mark 1 ya urefu kamili ikipita kona ya nusu kipenyo cha milimita 438, ambayo ndo kona ya mtu anayeishi flati, kiuno kinaingia ndani na ncha zinachomoza nje kama gari la mizigo linakata kona mtaani. Vile vifupi vya Victoria havina shida hiyo. Behewa la kweli la magurudumu manne lilikuwa futi 30 hivi, dogo lake sentimita 12, linapita popote, na matatu yakiongozana yanafanya treni nzima ya kijijini kwenye meza ya kulia chakula. Behewa la wastani lililotoshea meza yangu naliona lina ukweli kuliko la kweli lililokatwa.

Halafu kuna kitu wanaolalamika hawakitazami, vyumba. Hebu simama ubavuni mwa behewa la zamani uhesabu milango. Kila chumba na mlango wake wa nje, korido hakuna, na pale nafasi kati ya milango ilipo kubwa ndani ni daraja la kwanza, pale ilipobana ni la tatu, watano huku watano kule magoti yanagusana. Huhitaji kusoma namba iliyoandikwa mlangoni, jamii nzima imechorwa kwa nje. Sisi tuliokulia na hadithi za babu za treni ya Mombasa tunalielewa hilo bila kufundishwa, maana Waingereza walikuja na reli yao na madaraja yao ya abiria, na babu akisema "tatu" hakuhitaji kumalizia. Mabehewa haya ya kubuni yamelitunza hilo vizuri kabisa, la kwanza limeachia nafasi, la tatu limebana. Na Midland hii hii ya kwetu Leicester ndo iliyofuta daraja la pili 1875 na kuwapa watu wa la tatu viti vyenye godoro, kampuni nyingine zikakasirika kweli kweli.

Hiyo Midland nayo, kabla hujanicheka na vipande vyangu vya plastiki, 1874 ilianza kutumia mabehewa ya kifahari ya Pullman ya kutoka Marekani, yalikuja na meli kutoka Detroit yakiwa vipande vipande, yakaungwa Derby, kwenye karakana yake. Kujiunganishia, bwana! Natumaini fundi wao hakuacha kidole dirishani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huo. Mwenye muda na mkono usiotetemeka ajenge la kweli, mimi nitapiga makofi. Mwenye watoto wawili na meza moja anunue la kubuni, alijaze watu, maana behewa tupu ndo uongo mkubwa kuliko yote na hilo halisemwi hata kidogo. Mimi la tatu nimelijaza mpaka wengine wamesimama, la kwanza nimemweka bwana mmoja na kofia yake kiti cha pembeni.

Maonyesho yajayo narudi na treni ile ile. Safari hii katikati nitachomeka lile la jikoni, upande wenye michirizi ukitazama watu, nimsubiri mzee ainame.