Nanasi Lililotangulia Kula

Kati ya matunda yote ya nchi za joto, hakuna linalokaa mezani kwa heshima kama nanasi, limevaa taji na magamba yake, wala hakuna anayelitazama akashuku kwamba ndani yake mna mlaji. Mama mkwe alikuwa anakuja kufungua kinywa nasi Jumapili, na kwa kuwa nilikwisha kutamba mbele ya nyumba nzima kwamba nitampikia pankeki za nanasi, embe na pasheni, nilikoroga rojo usiku, ili asubuhi nibaki na kazi ya kukaanga tu na kupokea sifa. Nilipiga mayai na maziwa, nikatia unga wa ngano na sukari, nikamalizia na nanasi lililosagwa likiwa halijaguswa na moto, kisha nikafunika bakuli, nikaliweka kwenye jokofu na kwenda kulala usingizi wa mshindi.

Asubuhi nilipofunua, juu palielea maji ya manjano, katikati yakaning'inia mabonge meupe ya maziwa yaliyokatika, na chini unga ulikuwa umejilalia. Nilichovya kidole nikaonja. Ungedhani nimesaga kwinini.

Mpwa wangu, anayesoma sayansi sekondari na asiyependa kitu kama kumwona mtu mzima amekwama, aliinama juu ya bakuli.

"Mjomba, nanasi limekula."

"Limekula nini?"

"Kila kitu."

Akanieleza kwamba nanasi lisilopikwa lina vimeng'enya viitwavyo bromelini, ambavyo kazi yake ni kuvunjavunja protini, na kwamba bakuli lenye maziwa, mayai na ngano ni karamu ambayo vimeng'enya hivyo visingeweza kuikataa. Vilikula usiku kucha bila hata kukaribishwa, na ule uchungu ulikuwa mabaki ya protini za maziwa zilizokatwa vipande vipande. Nanasi lililochemshwa, au la kopo, halina neno, kwa sababu joto huviharibu. Alikuwa bado anaeleza hodi ilipopigwa.

Hapakuwa na muda wa kuanza upya. Nilimimina juisi ya pasheni ili ifunike uchungu, nikaongeza kijiko kizima cha magadi soda ili rojo lipate kuumuka, na kweli liliumuka: ukali wa pasheni ulipokutana na magadi, povu lilipanda, likavuka ukingo wa bakuli, likateremka mezani na kutua juu ya viatu vya Mama, aliyekuwa ameingia jikoni kutusalimu. Nilimwamkia nikiwa nimepiga magoti, kitambaa mkononi, na nadhani aliichukulia kuwa ni adabu.

Kwenye kikaango mambo hayakuwa bora. Rojo lisilo na protini za kulishikilia lilitambaa kila upande, sukari ikaungua pembeni kabla katikati hapajashika, na kila nilipojaribu kuigeuza pankeki, nusu ilikuja na mwiko na nusu ikagoma. King'ora cha moshi kikalia. Nilipakua nilichoweza kukikwangua, nikakipamba kwa vipande vya embe.

Mama aliitazama sahani kwa muda mrefu.

"Hii inaliwa kwa uma au kwa kijiko?"

"Kwa chochote utakachopenda, Mama."

Alichagua kijiko, akala mara moja, akanywa chai yote iliyokuwa kikombeni, kisha akauliza kwa upole ni kitu gani. Mpwa wangu akairudia habari ya bromelini tangu mwanzo, safari hii kwa ishara za mikono, na Mama akasikiliza kwa makini ambayo sijawahi kuyapata mimi.

"Kwa hiyo nanasi hilo likikutana na nyama?"

"Linailainisha, Bibi."

"Basi nifungieni lililobaki. Kuna nyama ya ng'ombe kule nyumbani imenishinda."

"Lakini usiliache nayo usiku kucha, Bibi."

"Naona," alijibu, akiisogeza sahani yangu pembeni.