Alumini Ndiyo Swali: Kuchagua TIG kwa Anayejenga Gari Nyumbani

Rafiki yangu anajenga Subaru yake nyuma ya nyumba huko Mamboleo, Kisumu. Juzi alinipigia akaniuliza: achukue TIG, yaani mashine ya kuchomelea kwa sindano ya tangsteni na gesi, ya DC pekee (umeme wa mwelekeo mmoja), au ajikaze anunue ile yenye AC (umeme unaogeuzageuza mwelekeo) na DC, ambayo bei yake iko juu zaidi? Hapa Nakuru nimelisikia swali hilo gereji baada ya gereji. Wanaolijibu wamegawanyika, na kila upande una hoja nzito kuliko upande wa pili unavyokubali.

Kinachowatenganisha ni alumini. Chuma na stenlesi huungwa kwa DC, sindano ya tangsteni ikiwa upande wa hasi, ili joto jingi liende kwenye kazi na ncha ya sindano idumu. Alumini haikubali hivyo. Ina ngozi ya oksidi inayoyeyuka karibu na nyuzi 2,070 za Selsiasi, ilhali alumini yenyewe chini ya ngozi hiyo huyeyuka kwa nyuzi 660. Ukiichoma kwa DC ya kawaida, ndani inakuwa uji huku ngozi bado imeshikilia, halafu ghafla kipande kizima kinadondoka sakafuni. AC hubadilisha mwelekeo wa umeme mara nyingi kwa sekunde: nusu moja inaipasua ngozi, nusu nyingine inatia joto. Tofauti yote ya bei iko hapo.

Wanaotetea AC wanasema gari la leo limejaa alumini: rejeta, intakula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba yake, sampu ya oili, gamba la giaboksi. Wanaongeza kwamba anayenunua DC leo ataiuza kwa hasara mwakani, siku atakapotaka kutengeneza bomba la turbo. Hoja hii naiheshimu. Nimewaona vijana wakinunua mara mbili.

Lakini nilipokaa nikaandika kwenye daftari kila kilichochomelewa katika pikapu yangu mwaka uliopita, nilipata egzosi, breketi, viraka vya sakafu, fremu ya kiti, egzosi tena. Alumini ilikuwa mara mbili tu, na mara zote mbili nilimpelekea fundi wa mjini aliye na mashine kubwa na mkono uliozoea. Alumini safi mpya ni kazi moja. Sampu kuukuu iliyokunywa oili miaka 20 ni kazi nyingine kabisa, na mashine ya bei ghali haimgeuzi mwanafunzi kuwa fundi wa sampu.

Kuna hesabu inayosaidia. Kwa chuma, kadiria ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Bomba la egzosi la milimita 1.5 linataka kama 60. Breketi ya milimita 3 inataka 120. Mashine ya DC ya ampea 160 inayatosheleza hayo na bado ina akiba. Zaidi ya ukubwa, mimi ningetazama jinsi inavyowasha moto. Ile ya kugusa na kuinua ni ya bei nafuu, lakini sindano hunata na kuchafuka hadi mkono uzoee. Inayowasha kwa masafa ya juu (umeme unaotetemeka kwa kasi sana), bila kugusa, inaokoa sindano na hasira. Ukiitumia ndani ya gari, chomoa kwanza waya za betri, maana masafa hayo yanaweza kuumiza kompyuta ya gari. Pedeli ya mguu nayo si anasa: kwenye bati jembamba ndiyo inayokuwezesha kupunguza joto kabla shimo halijatokea.

Halafu kuna stima, jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Soketi ya kawaida ya nyumba zetu ni ya ampea 13, yaani takriban wati 3,100 kwa volti 240. TIG ya ampea 200 ikifunguliwa hadi mwisho inavuka hapo. Bila fundi wa umeme kuvuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi, umelipia nguvu usiyoweza kuitumia. Soma pia muda wa kazi ulioandikwa kwenye bamba: asilimia 60 kwa ampea 200 maana yake ni dakika 6 za moto katika kila dakika 10. Kipimo cha kimataifa hufanywa kwenye joto la nyuzi 40. Mashine iliyopimwa kwenye ubaridi itajionyesha kubwa kuliko ilivyo, na ndani ya kibanda cha mabati Kisumu saa nane mchana itakuumbua.

Gesi ndiyo gharama isiyokwisha. TIG inataka argoni tupu. Ile ya MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya) iliyochanganywa na kabonidayoksaidi huila sindano papo hapo. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa mgandamizo wa baa 150 una lita 1,500 za gesi. Ukitumia lita 8 kwa dakika, ni kama saa tatu za moto. Egzosi ya stenlesi inataka argoni ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani unaungua na kuwa kama sukari nyeusi. Kwa hiyo nilimwambia rafiki yangu amtafute kwanza anayejaza mitungi karibu naye, aulize bei na amana, ndipo azungumzie mashine. Na mlango wa kibanda ufungwe upepo wa ziwani unapoanza, maana unaipeperusha gesi yote.

Kwake, ambaye tayari ana intakula mbili mezani na amepanga kutengeneza mabomba yake yote, nimekubali AC. Kwa wengi wengine ninaowajua Nakuru, DC nzuri, na pesa inayobaki iende kwenye mtungi, kofia na bomba la kujifunzia. Mashine yoyote, usilipe kabla ya kuijaribu palepale dukani: beba kipande cha bati la milimita 1, iteremshe hadi ampea 20, na utazame kama moto unatulia au unatangatanga.