Vidakuzi: kabla hujafuta vyote

Mwezi uliopita mama mdogo alilalamika simu yake imekuwa nzito. Kijana wa dukani akamsaidia kwa kufuta historia na vidakuzi vyote. Jioni barua pepe ikamdai nenosiri asilolikumbuka, na namba ya uthibitisho ikatumwa kwenye laini aliyoiacha zamani. Simu ikabaki nzito vilevile.

Ushauri wa "futa vidakuzi, vinakupeleleza" una ukweli nusu. Kidakuzi (cookie) ni maandishi mafupi, kwa kawaida yasiyozidi kilobaiti 4. Tovuti hukikabidhi kwa kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti, nacho hukirudisha kila unapofungua ukurasa wake mwingine. Lou Montulli wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, alikibuni mwaka 1994 ili duka la mtandaoni likumbuke mteja ametia nini kikapuni. Bila hicho, kila ukurasa ungekuona mgeni. Si virusi, wala hakijazi simu.

Wasiwasi wa kweli uko kwenye vidakuzi vya watu wengine. Unasoma gazeti, ndani ya ukurasa kuna tangazo la kampuni usiyoijua, nayo inaacha kidakuzi chake. Kesho uko kwenye tovuti ya afya, kampuni ileile ina tangazo pale pia, inakutambua. Kidogo kidogo inajua maradhi yako, madeni yako, safari zako, na hujawahi kuibishia hodi.

Wenye tovuti wana hoja: tangazo linalomlenga msomaji hulipa zaidi, na ndilo linalomwezesha asome bure. Naipa uzito, maana msomaji wetu ameshalipia bando. Lakini tangazo la mbegu laweza kukaa kwenye habari ya kilimo bila kujua jana usiku nilisoma kuhusu kisukari.

Ulaya walitegemea ridhaa. Sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ilipoanza kutumika Mei 2018, vibao vya "Kubali zote" vilizagaa. Januari 2022 mdhibiti wa Ufaransa, CNIL, alitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kuwa kukubali kulikuwa kubofya mara moja, kukataa kukahitaji kubofya mara kadhaa. Ilistahili. Ila aliyebanana ndani ya daladala hasomi kibao, anabofya kipotee. Tena kukataa kwako nako huhifadhiwa kwenye kidakuzi: ukifuta vyote, unaulizwa upya.

Kwa hiyo naona ulinzi ukae kwenye kivinjari chenyewe. Safari, kivinjari cha Apple, inazuia vidakuzi vyote vya watu wengine tangu Machi 2020, bila kumsumbua mtumiaji. Google iliahidi hivyo kwa kivinjari chake cha Chrome mwaka huohuo, ikaahirisha, na Julai 2024 ikaghairi. Mwenye Chrome inabidi aingie mwenyewe kwenye mipangilio ya tovuti na kuvizuia.

Mama mdogo nimemfanyia hivyo, ilichukua dakika moja. Barua pepe yake tuliihangaikia siku nne.